Alama za Halldor

Jumanne, 3 Oktoba

Mvua tangu alfajiri. Leo tumeanza darasa la ubongo. Nasema tumeanza, lakini aliyejiandikisha ni Halldor peke yake. Mimi nilibeba ufumaji wangu nikakaa ukutani kama mzazi aliyempeleka mtoto kuogelea.

Darasa liko ghorofani, juu ya maktaba ya manispaa, kila Jumanne na Alhamisi. Wazee kumi, kompyuta kumi, na kila mmoja anapewa nyingine ya kwenda nayo nyumbani. Anayeliongoza ni Ingunn, mtafiti kutoka chuo kikuu, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya kumtuliza farasi. Wanataka kujua kama mazoezi ya kompyuta yanaweza kuufanya ubongo wa mzee ubaki mwepesi.

"Niseme ukweli mapema," alisema. "Mkicheza michezo hii mtakuwa hodari wa michezo hii. Hilo sina shaka nalo. Kama uhodari huo utashuka ngazi pamoja nanyi hadi jikoni na barabarani, hapo ndipo penye swali."

Halldor hakusikia sehemu ya pili. Alikuwa ameshavaa miwani na kukishika kipanya kama usukani.

Mume wangu anatimiza miaka themanini tarehe 14 Desemba. Kuanzia siku hiyo leseni yake ni karatasi tupu mpaka daktari amwandikie cheti. Mtu huyu ameendesha basi la abiria kandokando ya fjordi, mkono wa bahari ulioingia kati ya milima, maisha yake yote ya kazi, theluji kwa mvua, na hajawahi kumgusa hata kondoo wa mtu. Nyumba yetu ya Hestnes iko juu mlimani, ambako basi lilishafutwa na duka likafungwa. Gari likiondoka, nasi tumeondoka. Torunn, binti yetu, ameshaanza kututumia picha za fleti mjini: lifti, choo chenye vishikio, na roshani inayotazama maegesho ya zahanati.

"Nitakufa nikitazama maegesho," Halldor alisema alipoiona.

"Angalau utakuwa karibu na magari," nilimjibu. Hakucheka.

Alhamisi, 5 Oktoba

Mvua. Nyama ya kondoo na kabichi, sufuria nzima. Halldor amepita kiwango cha kwanza na amelala mapema kama aliyeshinda akipasua kuni.

Jumanne, 10 Oktoba

Mchezo anaoupenda ni wa gari na alama. Katikati ya kioo cha kompyuta linatokea gari dogo au lori, na kufumba na kufumbua limetoweka. Papo hapo, pembeni kabisa, inamulika alama ya barabarani. Unatakiwa useme lilikuwa gari gani na alama ilikuwa upande gani. Ukipatia, kasi inaongezeka. Ukikosea, inapungua.

Anayekaa karibu naye ni Oddleif, aliyekuwa tarishi wa posta. Oddleif ana mdomo.

"Halldor, si wewe uliyekuwa unaendesha basi? Mbona alama zinakupita zote?"

"Wewe kwenye basi langu ulikuwa unakoroma tangu gatini. Umejuaje kama zilikuwa zinanipita?"

Darasa zima lilicheka. Nilimwona Halldor akitabasamu kwa mara ya kwanza tangu kiangazi.

Jumapili, 15 Oktoba

Torunn alikuja na Tiril. Mjukuu wetu ana miaka tisa na meno ya mbele yanayopishana. Walipokuwa wanaondoka alitaka babu yake ampeleke hadi kwenye gati la kivuko, na Torunn akasema, "Leo utakwenda na mimi," kwa haraka mno. Tangu Agosti, Halldor aliporudisha gari nyuma akaangusha nguzo ya lango, Torunn hamruhusu Tiril kupanda gari na babu. Hajasema kwa mdomo. Anapanga tu safari ili isitokee.

Halldor anajua. Jioni alikaa na kompyuta mpaka viazi vikapoa.

Alhamisi, 19 Oktoba

Amekwama kiwango cha tatu. Anapanda, anashuka, anapanda, anashuka. Leo asubuhi aliwasha mashine ya kahawa bila kahawa, tukanywa maji ya moto tukitazamana.

Nilifanya kazi miaka mingi kwenye nyumba ya wazee kule mjini. Nimewaogesha, nimewalisha, viatu vyao nimevitoa ndani ya friji. Najua jinsi jambo hili linavyobisha hodi. Lakini likibisha kwangu naliita uchovu.

Jumatano, 25 Oktoba

Bado mvua. Kijito cha nyuma ya ghala kimevuka njia.

Baada ya chakula Halldor alisukuma kompyuta upande wangu wa meza.

"Gudveig, hebu nisaidie kidogo. Macho yameniuma."

"Nikusaidieje?"

"Cheza hii mara moja. Nipumzike."

"Hii inakwenda kwa Ingunn kwa jina lako."

"Ndiyo maana nakuomba uicheze vizuri."

Nilimtazama. Alikuwa anatazama dirishani, kwenye giza, ambako hakuna cha kuona. Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba Torunn anauliza kila wiki amefika wapi, na kwamba hawezi kumwambia tatu tena.

Nilifikiri juu ya roshani ile. Nilifikiri juu ya jiko hili, ambalo nimelipaka rangi kwa mikono yangu mara sijui ngapi. Nikavaa miwani yangu.

Mwanzoni sikuona kitu. Gari linapita kama nzi. Kisha nikagundua kwamba ukiacha kulikodolea macho linakuja lenyewe, na alama ya pembeni nayo inaingia kama mtu anayepita mlangoni wakati unamenya viazi. Nilicheza mpaka Halldor akasinzia kitini. Kiwango cha nne.

Alhamisi, 26 Oktoba

Sikwenda darasani. Nilisema mgongo.

Jumatatu, 30 Oktoba

Mvua ya mawe. Nimecheza jana na leo. Tano. Halldor hakuniomba, aliisukuma tu kompyuta upande wangu, kama anavyosukuma sahani anaposhiba.

Alhamisi, 2 Novemba

Ingunn alisimama nyuma ya Halldor leo, kwa muda mrefu. Pale darasani alikuwa anatapatapa kwenye kiwango cha tatu.

"Halldor, nyumbani unaruka kama mbuzi, hapa unachechemea. Kuna nini?"

"Hapa pana kelele," alisema. "Huyu Oddleif anapumua kama kivuko."

Oddleif alicheka. Ingunn hakucheka. Aliandika kitu, kisha macho yake yakaja hadi ukutani nilipokuwa. Nilihesabu vitanzi vyangu vya ufumaji, nikakosea, nikaanza tena.

Jumapili, 5 Novemba

Torunn amepiga simu. Halldor aliweka simu kwenye spika nisikie. "Baba, kiwango cha sita? Mimi mwenyewe nisingefika." Uso wake uling'aa. Nami niliyekuwa nimekasirika nikashindwa kukasirika.

Alhamisi, 9 Novemba

Sijui niandikeje.

Theluji ya kwanza imeanguka, yenye maji. Halldor alibadilisha tairi, akafunga zile za misumari ya kushika barafu, kazi iliyomchukua mchana mzima ingawa zamani ilikuwa ya kabla ya kifungua kinywa. Sikumsaidia kwa sababu hakutaka. Tulipokaa na mkate na jibini ya kahawia, alifungua kompyuta, akatazama, akasema:

"Ona. Nimefika kiwango cha saba."

"Naona," nilisema.

"Mwanzoni sikuamini. Unajua siri yake? Usilikodolee gari macho. Liache lije."

Hayo ni maneno yangu. Nilimwambia yeye, wiki iliyopita, meza hiyohiyo.

Nilingoja akonyeze jicho. Halldor hawezi kutania bila kukonyeza. Hata kanisani siku tunaoana alimkonyeza mchungaji. Sikuona jicho likikonyeza. Alikata kipande kingine cha jibini, akala, akaanza kunifundisha mchezo niliocheza mimi.

"Halldor," nilisema, "nani alicheza jana?"

"Mimi. Nani mwingine?"

Hakuwa anadanganya. Mtu anayedanganya huwa nasikia mkwaruzo sautini mwake. Hakukuwa na mkwaruzo wowote. Nilisimama nikaosha vikombe vilivyokuwa safi.

Nilidhani tunawadanganya Torunn na Ingunn, sisi wawili, kama watoto walioiba matufaha. Kumbe katika wizi huu nimebaki peke yangu.

Ijumaa, 10 Novemba

Sikucheza. Yeye pia hakucheza. Giza saa tisa alasiri.

Jumanne, 14 Novemba

Nilikwenda darasani nikiwa nimeamua kumwambia Ingunn. Alikuwa na wageni kutoka chuoni. Nilirudi na siri yangu kama mwanamke aliyekwenda sokoni akarudi na kikapu kitupu.

Jumapili, 19 Novemba

Torunn amepiga. Ijumaa ana mkutano, na Tiril hana shule. Anaweza kuja na kivuko cha mchana peke yake, manahodha wanamjua.

"Baba atampokea gatini," alisema.

Nilimtazama Halldor.

"Mama? Uko hapo?"

"Wewe si ulikuwa hutaki..."

"Nilikuwa na wasiwasi, ndiyo. Lakini viwango vile, Mama. Ingunn aliwaambia siku ya kwanza mchezo ule unapima jinsi mtu anavyoona barabarani, Baba kaniambia. Nimemwonea. Nataka kulirekebisha."

Pale ndipo nilipotakiwa kusema. Halldor alikuwa amekaa mbele yangu akisikiliza, mikono juu ya magoti, kama mtoto anayesubiri kuitwa jina lake. Nilisema, "Sawa. Tutakwenda wote wawili kumpokea."

Nilijiambia nikiwa ndani ya gari hakuna kitakachoharibika. Nitakuwa macho yake ya pembeni.

Alhamisi, 23 Novemba

Baridi kali. Maji ya njiani yameganda. Nimemkumbusha Halldor mara tatu: kesho tunakwenda wote.

"Nimesikia, mwanamke. Mimi si kiziwi."

Ijumaa, 24 Novemba

Naandika jioni. Tiril amelala chumba cha juu, Torunn yuko naye. Halldor yuko sebuleni, hajawasha taa.

Baada ya chakula cha mchana nilitoka kwenda ghalani kuchukua kuni. Niliporudi, koti lake halikuwepo. Nilitoka nje. Alama za tairi zilikuwa mbichi kwenye theluji, zimekata kona ya bustani. Simu yake ilikuwa mezani, karibu na kikombe.

Kutoka hapa kwetu hadi gatini ni mteremko, kisha barabara ya fjordi, huna haja ya kuingia kwenye handaki la chini ya mlima. Nilijiambia hivyo. Ni njia aliyoipita maisha yake yote. Niliweka maziwa ya chokoleti motoni. Kivuko kinafika, dakika chache za kushuka, dakika chache za kupanda. Maziwa yalichemka, nikayaondoa. Yakapoa, nikayarudisha. Nje theluji ilianza tena, nzito, na mlango wa ghala ukawa unabamiza, nami sikwenda kuufunga kwa kuogopa kutosikia simu.

Ilipolia ilikuwa Tiril.

"Bibi, tuko kwenye handaki."

"Handaki gani, mpenzi? Handaki haliko njiani."

"Lile kubwa lenye taa za bluu. Babu amesimama."

Lile lina mzunguko ndani yake, chini kabisa ya mlima, barabara nne zinakutana humo. Hata mimi, nikiwa abiria, hufumba macho.

"Amesimama wapi? Pembeni?"

"Hapana. Katikati. Tulizunguka mara nyingi halafu akasimama. Hajibu. Ameshika usukani."

Nyuma ya sauti yake nilimsikia Halldor akisema kwa upole, bila kumwambia mtu yeyote, "Ngoja kwanza. Ngoja kwanza."

Kisha honi ikalia, ndefu, ikajaa handaki lote na simu yote. Tiril alianza kulia.

"Tiril, nisikilize Bibi. Karibu na usukani kuna kitufe chekundu chenye pembetatu. Mwinamie babu ukibonyeze."

"Anashika mkono wangu."

"Mwambie, Babu, ni mimi. Sema jina lako."

"Babu, ni mimi Tiril." Kimya. "Nimebonyeza. Kinalia tik tik."

"Vizuri sana. Sasa usifungue mlango. Ufunge mkanda. Uko nyuma?"

"Niko nyuma. Bibi, kuna lori."

"Linakuja?"

Hakujibu. Nilisikia breki, zile za hewa, zinazokohoa, kisha kishindo kidogo kama sahani iliyoanguka kwenye zulia. Nilipiga kelele jina lake, mimi ambaye sipigi kelele. Baadaye nimejua ulikuwa ukingo wa lori uliong'oa kioo cha pembeni cha gari letu. Kioo tu.

Halafu sauti ya mwanamume, tulivu, ya watu wa kaskazini: "Haya, mzee wangu, sogea upande wa pili. Mimi nitalitoa." Kwenye simu akaniambia, "Mama, lori langu nimelikingamisha nyuma yao. Hakuna atakayewagonga. Wameshafunga handaki."

Nilimuuliza jina lake, akanitajia, na nimelisahau. Nimelisahau mimi, mwenye akili zangu.

Polisi waliwaleta. Halldor alishuka garini mwao amenyooka kama siku za sare yake. "Nilisimama ili wengine wapite," alisema. "Dereva mwenye shaka husimama."

Torunn alifika na kivuko kilichofuata. Alimkumbatia Tiril mlangoni, akiwa bado na theluji nywelini, kisha akanigeukia mimi.

"Kiwango cha saba, Mama. Inawezekanaje mtu wa kiwango cha saba..."

"Sikiliza," nilisema. "Tangu cha nne nimecheza mimi."

Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

"Ulijua," alisema, "na ukanisikia nikimpakia mtoto wangu garini mwake."

"Ndiyo."

Alipanda ngazi na Tiril. Nimekaa jikoni tangu wakati huo.

Jumamosi, 25 Novemba

Waliondoka asubuhi. Tiril alimkumbatia babu yake, akanikumbatia na mimi. Torunn alimkumbatia babake tu.

Jumapili, 26 Novemba

Leo nilimwambia Halldor. Nilitaka asikie kwangu kabla hajasikia kwa binti yake.

"Viwango vile nilicheza mimi."

"Uongo."

"Uliniomba. Ulisema macho yanauma."

"Uongo huo, Gudveig. Unataka kunihamishia kwenye ile fleti."

Hakuna asiyeitaka fleti ile kuliko mimi, lakini hilo nililimeza. Nilifungua kompyuta, nikaiweka mbele yake, nikakaa kando. Alivaa miwani. Mchezo ulianza pale nilipouacha mimi, kwa kasi yangu. Gari lilipita. Hakubonyeza. Lingine likapita. Alibonyeza upande usio wake. Mashine ile haina adabu wala haina ukatili. Inapunguza kasi tu, inapunguza, inapunguza, inakusubiri. Ilishuka hadi sita, hadi tano. Jasho lilimtoka juu ya mdomo. Nilitaka kuifunga akanizuia mkono. Nne. Tatu. Hapo ikatulia, akapatia moja, akakosea moja.

Alivua miwani akaifuta kwa ncha ya sweta.

"Sikumbuki kukuomba," alisema.

"Najua."

"Nakumbuka nikicheza. Naikumbuka kabisa ile alama ikija pembeni."

"Nilikuwa nakusimulia."

Aliiweka miwani mezani. Kisha akauliza, "Nani mwingine anajua?"

"Torunn. Jumanne nitamwambia Ingunn."

"Basi umeshaniuza kwa jumla. Imebaki rejareja."

Akaenda kulala na nguo zake.

Jumanne, 28 Novemba

Nilishuka mjini na teksi. Ingunn alifunga mlango wa ofisi. Nilimwambia yote, hata yale ya handaki. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema matokeo ya nyumbani ya Halldor itabidi yaondolewe kwenye utafiti.

"Nimekuharibia kazi," nilisema.

"Umeniharibia mtu mmoja kati ya wengi. Nilishashuku. Nilitakiwa kukuuliza wewe, nikaona aibu." Alizungusha kalamu. "Lakini Torunn alisema nini, kwamba mchezo unapima uendeshaji? Sikusema hivyo."

"Uliuliza swali. Yeye alisikia jibu."

"Wote husikia jibu," alisema, na alionekana amechoka. Kisha akanitazama vingine. "Gudveig, wewe una leseni?"

"Ninayo. Haijatoka kwenye droo tangu Torunn aanze shule. Halldor ndiye dereva."

"Wewe ndiye uliyefanya mazoezi wiki mbili nzima."

"Unasema sasa naweza kuendesha?"

"Hapana. Sikuahidi kitu siku ya kwanza, sikuahidi leo. Pengine umekuwa hodari wa mchezo tu. Nasema kuna mwalimu wa udereva hapo nyuma ya benki, na kwamba hujachelewa kujua."

Nilicheka. Nina miaka sabini na sita. Nilitoka nikapita nyuma ya benki ili nione tu kama pako wazi.

Ijumaa, 1 Desemba

Theluji imefika dirishani. Halldor hasemi nami ila kuhusu kuni.

Jumatatu, 4 Desemba

Mwalimu anaitwa Aslaug, mnene, anatafuna peremende. Somo la kwanza gari lilinizimikia mara nne kwenye taa za barabarani. Nyuma yangu watu walipiga honi, na kila honi ilikuwa ya handakini.

"Wana haraka hao," Aslaug alisema. "Waache wafe mapema. Klachi taratibu."

Aliniambia macho yangu ni mazuri kuliko miguu yangu: naona watoto kabla hawajafika ukingoni. Sijui kama ni mchezo, au ni miaka ya kutazama wazee wasianguke, au ni hofu. Aslaug naye hajui. Miguu, alisema, tutaifundisha.

Ijumaa, 8 Desemba

Somo la tatu. Mlimani, kwenye barafu. Niliteleza, nikalirudisha. Sikumwambia Halldor. Aliniona nikishuka kutoka garini mwa Aslaug upande wa usukani. Akafunga pazia.

Jumatatu, 11 Desemba

Torunn amepiga. Mara ya kwanza tangu siku ile. Alinisalimu, akauliza kama ni kweli najifunza. Nikasema ni kweli. "Mama, wewe huogopi?" Nikasema naogopa sana. Akasema hataki bado kumleta Tiril. Nikasema asimlete.

Jumatano, 13 Desemba

Kwa daktari. Nilimwendesha mimi, Aslaug amekaa kando yangu, Halldor nyuma kama mzigo wa mtu mwingine. Njia nzima alitazama nje.

Alinikataza kuingia naye. Nilikaa kwenye korido chini ya picha ya moyo uliopasuliwa katikati, nikajiandaa: akitoka na cheti, nitaingia mimi nimwambie daktari. Nilirudia maneno. Miguu ilikuwa tayari kusimama.

Mlango ulifunguliwa, na daktari, kijana mwenye ndevu chache, akaniita. Halldor alikuwa anafunga vifungo vya shati.

"Sitampa cheti," daktari alisema. "Nimemwandikia aende kliniki ya kumbukumbu, baada ya mwaka mpya. Kwa kweli sikupata hata nafasi ya kumpima vizuri. Ameniambia mwenyewe kabla sijauliza."

Nilimgeukia Halldor.

"Nilimwambia nilisimama katikati ya handaki," alisema, akiwa bado anahangaika na kifungo cha juu, "na sikujua barabara ipi ni ya kwetu. Na mjukuu wangu alikuwa nyuma. Hilo silisahau. Mengine yataondoka, lakini hilo naona limekaa."

Mwezi mzima nilijiona mimi ndiye mwenye kubeba ukweli wa nyumba ile. Nilimwogopa kama mtu anayeogopa mtoto asishike kisu. Nilimfunga kile kifungo, naye akaniacha.

Alhamisi, 14 Desemba

Miaka themanini. Keki ya krimu na jamu ya matunda ya mlimani. Oddleif alikuja, akakaa mpaka jioni, hakutaja alama hata moja. Torunn alikuja peke yake akaleta maua. Picha za fleti hazikutajwa. Tumekubaliana kuizungumza wakati wa masika, baada ya kliniki. Si zaidi ya hapo. Mlangoni alinikumbatia, kwa mkono mmoja, mwingine umeshika mwavuli.

Jumapili, 17 Desemba

Jana na leo Halldor ameuliza kwa nini gari halina kioo upande mmoja. Jana nilisema limegongwa na mtu pale dukani. Alikubali, na nikaona jinsi ilivyo rahisi. Usiku ule sikupenda urahisi huo.

Leo aliponiuliza tena nilimwambia: handaki, Tiril, lori. Alikaa chini kwenye ngazi. Uso ulimwanguka kama mara ya kwanza. Nilikaa naye mpaka miguu ikapoa. Sijui kama nilitenda vyema. Lakini nimeshacheza mara moja kwa jina lake, sitacheza tena.

Jumatano, 20 Desemba

Mbingu safi, baridi ya kukata masikio. Tunatakiwa kushuka kuchukua mbavu za kondoo za Krismasi kabla duka la nyama halijafunga.

Asubuhi nilimkuta Halldor kwenye ukumbi wa mlangoni amevaa koti na kofia, anapapasa msumari ambako funguo za gari zimekuwa zikikaa tangu tuhamie hapa.

"Gudveig, umeziona funguo?"

Nilikuwa na jibu jepesi mdomoni.

"Ninazo mimi," nilisema. "Sasa naendesha mimi, Halldor. Wewe daktari hakukupa cheti. Ulimwambia mwenyewe."

Alisimama mkono ukiwa bado juu ya msumari. Nilimwona akiitafuta siku ile, akiitafuta nyuma ya macho kama mtu anayetafuta swichi gizani. Sijui kama aliipata. Nje gari lilikuwa limefunikwa jalidi, na jua lilikuwa limegusa kilele cha ng'ambo ya fjordi, mahali linapogusa kwa muda mfupi tu siku hizi.

"Mimi mwenyewe nilimwambia?"

"Wewe mwenyewe. Kabla hajauliza."

Alifikiri. Kisha akachukua kikwangulio cha barafu kwenye rafu, akatoka, na nikamsikia akianza kukwangua kioo cha mbele, upande wa dereva kwanza.

"Basi njoo," aliniita. "Mteremko ule hautaki mtu wa haraka, na wewe utakwenda kwa gia ya pili."